Ndovu aliyekwenda shule akaacha mkonga nyumbani

WIKI mbili zilizopita nilikwenda Rukanga kumjulia hali ndugu yangu. Wanaoijua safari hiyo wanajua kwamba gari huacha barabara kuu ya Mombasa pale Maungu, likashika njia ya vumbi jekundu kuelekea mlima Kasigau, na abiria wote, hata waliokuwa wakisinzia, wakaanza kukodolea macho vichaka. Ndovu hapigi honi. Nilifika jua likizama, na kabla sijamaliza kikombe cha chai, mjukuu wetu wa Gredi ya Pili alikuwa keshaketi kando yangu, kijitabu mkononi.

"Babu, nikusomee?"

Asome, kwani nani angekataa? Kilikuwa kitabu cha picha, kurasa kumi na sita, rangi za kupendeza. Ndovu mdogo anaamka, anapiga mswaki, anavaa sare na kubeba mkoba. Anapanda basi la manjano. Anamsalimu mwalimu, ambaye ni twiga mwenye miwani. Anahesabu mpaka kumi, anacheza mpira na pundamilia, anakula chakula cha mchana, anamwagilia maua ya shule, anarudi nyumbani, analala. Katika kila ukurasa anatabasamu, hata akiwa usingizini.

Mjukuu alisoma bila kukwama popote. Mimi, mwalimu wa tangu zamani, nilifurahia usomaji wake kuliko nilivyofurahia hadithi. Alipofika mwisho akakifunga, akakitazama jalada, akasema:

"Lakini huyu si ndovu."

"Kumbe ni nani?"

"Ndovu hapandi basi." Akafikiri kidogo. "Na mbona hakuna mtu amemkimbia?"

Jina la kijitabu sitalitaja, wala la mchapishaji wake. Si woga. Vya namna hii vimejaa madukani, leo ndovu, kesho nyani, keshokutwa kinyonga, na kumchapa mmoja kwa makosa ya ukoo mzima ni kumwonea. Lakini maneno ya yule mtoto yalininyima usingizi, manake nimefundisha isimu ya Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini na sikuwahi kusikia uhakiki mfupi uliotosha kama huo.

Nianze na lugha, ambayo ndiyo kazi yangu. Katika ukurasa wa tatu ndovu "alichukua basi". Kwa Kiswahili, ukichukua basi ama umeliiba ama umelikodi. Abiria hupanda. Mbele kidogo tunaambiwa kuwa "alifanya marafiki wapya". Marafiki hupatikana, kinachofanywa ni kazi. "Mwalimu yake" amejitokeza mara tatu, ilhali ni "mwalimu wake". Aliyeandika amedanganywa na "mama yake" na "rafiki yake", maneno ambayo yana desturi yao ya pekee. Na mwishoni, sentensi iliyokusudiwa kuwa kilele cha furaha yote inasema kwamba ndovu "alikuwa na wakati mzuri". Hebu isome kwa sauti. Ni maneno ya Kiswahili, yote manne, lakini hakuna bibi aliyewahi kumwambia mjukuu hivyo kwa hiari yake. Angesema alifurahi, au alicheza hata akachoka, au kwamba siku ilimwendea vyema. Anayefasiri hufasiri neno akaacha mazungumzo, na mtoto anayejifunza kusoma hujifunza Kiswahili ambacho hakuna anayemsemesha.

Haya ni makosa ya kurekebishwa kwa kalamu nyekundu. Kuna kosa jingine ambalo kalamu haifiki.

Mwandishi wa kijitabu alitaka kumfanya ndovu awe mtu. Ndiyo maana ya sare, mkoba na mswaki. Lakini msomaji wa Kiswahili hahitaji mavazi hayo, kwa sababu sarufi yetu ilikwisha kumpokea mnyama zamani. Katika ngeli ya A-WA mnyama huketi pamoja na binadamu, hakuna anayemuuliza ameingiaje. Mwalimu amekuja, ndovu amekuja. Walimu wamechoka, siafu wamechoka. Hata wale ambao majina yao yana umbo la vitu, kama kifaru, kipepeo na kinyonga, tunawaita kwa a- na wa-. Kifaru kinakimbia? Hapana, kifaru anakimbia, na wewe ukimwona kimbia.

Mfano ninaoupenda zaidi ni kiboko. "Kiboko kimelala mezani" na "kiboko amelala mtoni" ni neno lilelile, na chombo hicho kiliitwa hivyo kwa kuwa kilikatwa katika ngozi ya mnyama huyo. Kinachotenganisha uhai na ufito ni silabi moja. Viboko wanne niliwaona Mzima, viboko vinne nilichapwa darasa la tano. (Watoto wa leo hawana kisa hicho. Sheria ilikikataza kiboko shuleni mwaka 2001. Enzi zetu kiboko kilikwenda shule kila siku, na sikumbuki kuona yeyote akitabasamu.) Tembo naye ni hivyohivyo. Tembo akilewa ni mnyama, tembo likilevya ni la mnazi. Nchi jirani ya Tanzania humwita tembo, sisi Kenya huwa tunamwita ndovu, na pale Rukanga mtoto akishtuka usiku hasemi ndovu wala tembo bali njovu, kwa Kidawida, neno ambalo ni ndugu wa damu wa ndovu, na wa nzou wa Wakamba, na wa njogu wa Wagikuyu.

Kwa hivyo ndovu wa Kiswahili ana heshima yake kabla hajavikwa chochote. Ukimvika suruali hujamwongezea kitu. Tena, ukimvika suruali ukasahau kumwacha awe na mkonga, masikio, pua inayonusa maji kutoka mbali, umemnyang'anya. Nilihesabu. Katika kurasa kumi na sita, mkonga unafanya kazi mara moja tu, pale anapomwagilia maua. Kwingineko unaning'inia kama tai ya harusi.

Nikamwuliza mjukuu ukurasa gani ameupenda. Bila kusita akafungua pale pa maua. Alikuwa ameufungua mara nyingi mno hata ncha ya karatasi imekunjika.

Sasa fikiria anayesoma ni nani. Hesabu ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilikuta ndovu 36,280 nchini Kenya, na hakuna mahali penye wengi kushinda Tsavo. Kasigau imezungukwa na nchi yao. Wakati wa kiangazi wanashuka kutafuta maji, na mahindi yakikomaa wanakuja kuyavuna kabla ya mwenyewe. Ndugu yangu ana tangi la maji lililokunjwa kama karatasi na mgeni mmoja wa usiku. Watoto wa huko hawapandi basi la manjano. Wanatembea kwa kundi, mkubwa mbele, na wamefundishwa mambo ambayo mtoto wa Nairobi hayajui: usikate kona bila kusikiliza, tazama upepo unavuma kutoka wapi, ukikuta kinyesi kichungulie kama ni cha jana au cha sasa hivi. Wanajua pia kwamba ndovu hana kishindo. Hili waandishi wa mjini hawaliamini. Nyayo zake zina nyama laini kama mto wa kulalia, na anaweza kupita nyuma ya nyumba nisijue. Anachokitoa ni tawi linapokatika, ka!, halafu kimya.

Mtoto huyu anapewa kitabu kuhusu kitu anachokijua kuliko mwandishi, kuliko mchoraji, kuliko babu yake profesa, na kitabu kinamwambia kwamba ujuzi wake hauhusiki. Atafanya nini? Ama atakataa, kama alivyokataa wangu, ama atakubali. Wanaokubali ndio wanaonitia wasiwasi. Nimekutana nao chuo kikuu. Ni wasomi hodari wanaoamini kwamba vitabu ni vya mambo ya wengine, na kwamba kinachojulikana nyumbani si elimu. Ukimwambia aandike insha kuhusu ndovu, anakuandikia ndovu wa kwenye runinga.

Nisieleweke vibaya. Sidai vitabu vya watoto viwe vya kutisha. Mtoto anayekwenda shule mara ya kwanza ana hofu zake, na kitabu kinachomwambia kwamba kule kuna rafiki, chakula na mwalimu mpole kinafanya kazi njema. Furaha si dhambi. Lakini furaha isiyo na sababu haisimuliki. Ndovu yule anafurahi ukurasa wa kwanza na anafurahi ukurasa wa kumi na sita, na katikati hakuna lililotokea la kumwondoa katika furaha wala la kumrudisha.

Linganisha na hadithi moja ya kale ya Unguja, ambayo George Bateman aliichapisha kwa Kiingereza kule Chicago mwaka 1901 katika Zanzibar Tales, kwa michoro ya Walter Bobbett. Inahusu mwalimu aitwaye Goso. Goso hakuwa na jengo la shule, alisomesha watoto chini ya mti. Bateman anauita mti wa vibuyu, lakini mimi kila mara nimeuona kuwa mbuyu, labda kwa sababu ya mibuyu yetu. Jioni moja, Goso akiandaa masomo ya kesho, paa akapanda mtini kuiba tunda. Tunda likaponyoka, likampiga mwalimu kichwani, akafa. Wanafunzi wanapomkuta wanaapa kumtafuta muuaji. Wanamshika upepo wa kusi wakampiga. Upepo unajitetea: kama ningekuwa na nguvu hizo, ningezuiwa na kiambaza cha udongo? Wanakwenda kwa kiambaza, ambacho kinamtaja panya anayekitoboa. Panya anamtaja paka, paka anataja kamba inayomfunga, kamba inataja kisu, kisu kinataja moto, moto unataja maji, maji yanamtaja ng'ombe, ng'ombe anamtaja inzi, inzi anamtaja paa. Na paa, alipoulizwa, alishikwa na woga, asiweze kusema neno. Wanafunzi wakachukua kimya chake kuwa ungamo, wakamuua.

Hicho ndicho kisa cha mnyama shuleni nilichomsimulia mjukuu usiku ule, taa ikiwa imefifia. Kina kifo viwili, tena, na hakilingani hata kidogo na ushauri wa wataalamu wa malezi. Lakini tazama kilivyo na vitu. Kila aliyeshtakiwa ana nguvu yake halisi na udhaifu wake halisi. Panya hutoboa ukuta kweli, maji huzima moto kweli. Hakuna aliyevaa suruali. Na mnyororo ule ni ghala la sarufi. Upepo, kiambaza, kamba, moto na maji, kila kimoja kina ngeli yake, na vyote vinasema. Basi msimuliaji ana mtihani: moto ukasema, au moto akasema? Ukisema "ukasema" umebaki mwaminifu kwa ngeli. Ukisema "akasema" umempa moto uhai kwa silabi moja, bila mchoraji. Nimewasikia wasimuliaji wazuri wakitumia yote mawili, na mimi sitamsahihisha yeyote kati yao.

Asubuhi nilimsikia mjukuu akiwasimulia wenzake uani. Panya akasema, paka akasema, kisu akasema, moto akasema. Alipofika kwa maji akasimama, akaonja neno mdomoni. "Maji... yakasema." Wenzake hawakuona chochote. Mimi nilitamani kuwa na kinasa sauti, manake mtoto wa miaka minane alikuwa ametatua, peke yake, suala ambalo tunalipigia kelele kwenye makongamano: kwamba kisu na moto ni kimojakimoja, unaweza kuwapa nafsi, ila maji hayana mmoja wa kumpa.

Halafu akanijia na swali. "Babu, kwani paa hangesema tu alikuwa na njaa?"

Nilikaa na swali hilo siku nzima. Hakuuliza kama wanafunzi walikosea. Aliuliza kuhusu ulimi wa paa. Hapo kuna mambo mazito, ya mashtaka, ya ajali na kusudi, ya anayenyamaza mbele ya wenye hasira, na mtoto aliyafikia mwenyewe kwa sababu hadithi ilimwachia mlango wazi. Ndovu wa basi la manjano hakumwachia hata dirisha.

Kuna atakayeniambia kwamba kumvika mnyama nguo ni jadi ya fasihi ya watoto duniani kote. Ni kweli, na mvaaji mashuhuri kuliko wote ni ndovu vilevile. Jean de Brunhoff, mchoraji Mfaransa, alimtoa Babar mwaka 1931 kutokana na hadithi ambayo mkewe, Cécile, aliwasimulia wanao. Babar anaingia mjini, ananunua suti ya kijani, anafundishwa na profesa, na baadaye anawajengea ndovu wenzake mji ambamo watoto wanakwenda shule, mwalimu wao akiwa yule bibi kizee wa mjini. Ariel Dorfman wa Chile alimkaba Babar mwaka 1983, akamwona ni ndoto ya ukoloni: Mwafrika anayestaarabika kwa kuvaa na kurudi kutawala wenzake. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Ukitoka Taita, nchi ambayo ndovu wake walipigwa risasi kwa ajili ya pembe vizazi na vizazi, ni vigumu kucheka na suti ile. Hata hivyo, de Brunhoff alijua jambo moja: Babar anakimbilia mjini kwa sababu mwindaji amemuua mama yake. Kila vazi linalofuata limesimama juu ya msiba huo. Kwa hivyo unaweza kugombana na Babar. Na kijitabu chetu utagombania nini?

Wala si lazima twende Ufaransa. Katika mradi wa African Storybook, uliozinduliwa mwaka 2014 na ambao hadithi zake hupatikana bure mtandaoni, Kiswahili kikiwamo, kuna kisa cha Winny Asara cha kuku na jongoo. Marafiki wawili wanacheza mpira. Kuku anashindwa, hasira zinampanda, anammeza jongoo. Anayemwokoa jongoo si mwalimu mwenye miwani, ni ladha yake mbaya na harufu yake, silaha ileile anayoijua mtoto yeyote aliyewahi kumgusa jongoo akanusa kidole. Kuku anamtapika. Ni siku ya michezo ya wanyama, inachekesha mno, na kuku amebaki kuku. Kitabu cha aina hiyo kikifika Rukanga hakuna atakayesema "huyu si kuku".

Ndovu angeweza kutendewa vivyo hivyo, kwa sababu ndovu mdogo ana shule yake ya kweli. Mama hubeba mimba karibu miezi 22. Anayezaliwa hajui kabisa kuutumia mkonga. Anaukanyaga, anautikisa, hupiga magoti kunywa maji kwa mdomo kama mbuzi, na humchukua miezi kadhaa kujifunza kuvuta, kushika na kujinyunyizia. Mwalimu wake mkuu ni jike kuu la kundi, linalokumbuka maji yako wapi mwaka wa ukame. Hebu niambie, si kitabu hicho? Siku ya kwanza mkonga hautii. Siku ya pili hautii. Kuna aibu, kuna kuchekwa na shangazi, na furaha ikija mwishoni ina sababu. Ukitaka umwage tanakali zote za Kiswahili, maji chubwi, mkonga fyuu, tawi ka. Katika kijitabu kile hamna tanakali hata moja, na ni kitabu cha kusomwa kwa sauti.

Halafu mwandishi angeweza kuyaokoa maneno yaliyofungwa gerezani. Miaka yote ya KCPE, ambao ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, watoto walikariri kwamba mwana wa simba ni shibli, wa mbwa ni kilebu, wa paka ni kinyaunyau. Baadhi ya hayo nashuku yaliishi zaidi kwenye karatasi za mitihani kuliko midomoni mwa watu. Lakini kama tunayo, basi tuyatumie. Sijawahi kukutana na shibli ndani ya hadithi.

Barua yangu kwa mchapishaji iko tayari. Nimeorodhesha makosa manane ya lugha, nikapendekeza ukurasa wa maua ubaki kama ulivyo. Nilimsomea mjukuu kwa simu kabla sijaituma. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba niongeze la tisa, kwamba pundamilia wasicheze mpira karibu na vichaka saa ya jioni.